Upepo wa Kaskazi Usoni: Siku Tatu za Bagamoyo na Wanangu

Wanangu watatu wamezaliwa na kukulia Dodoma, na mpaka Desemba iliyopita hakuna hata mmoja wao aliyekuwa ameiona bahari. Kifungua mimba ana miaka 12, wa kati ana 9, na kitinda mimba ana 6. Mimi ni mzaliwa wa Bagamoyo niliyeolewa bara, na kwa miaka mingi nilikuwa nimejiwekea nadhiri kwamba siku moja likizo ya mwisho wa mwaka ingetukuta sote nyumbani kwetu, ili watoto waijue kwa macho yao historia ya bahari iliyowalea wazee wa mama yao. Tulifikia kwa shangazi yangu, ambaye watoto humwita bibi, na siku ya kwanza nikaiharibu kwa mikono yangu mwenyewe.

Nilikuwa nimeandika katika daftari mahali pa kwenda na saa ya kufika kila mahali. Kabla ya chakula cha mchana tulipaswa kuwa tumeona Boma la Wajerumani la mwaka 1897, Ngome Kongwe, mnara wa kanisa la kwanza la misheni ya Wakatoliki, na makumbusho ya misheni hiyo yaliyomo katika jengo walilojengewa masista mwaka 1876. Ndani ya makumbusho nilikuwa nikisimama mbele ya kila kabati na kusoma maelezo kwa sauti, neno kwa neno, kisha nawauliza watoto wamekumbuka mwaka gani. Misheni ilianzishwa mwaka gani? 1868. Wajerumani walihamisha makao yao makuu kwenda Dar es Salaam mwaka gani? 1891. Kufikia saa tano jua lilikuwa limeshika, kitinda mimba anaomba maji, na mwanangu wa kati akakaa kwenye ngazi, akakataa kuinuka. Nilipomuuliza ana nini, alisema, "Mama, hivi vitu vyote vimekufa."

Nilimkaripia mbele ya kaka aliyekuwa akituongoza, na jambo hilo linaniuma mpaka leo, kwa sababu mtoto alikuwa amesema kweli yake. Alikuwa ameonyeshwa minyororo, picha na karatasi za watu asiowajua, kutoka katika shughuli asiyoijua, kando ya bahari aliyoiona kwa dakika chache tu kupitia dirisha la bajaji.

Jioni shangazi alikuwa ameketi juu ya mbuzi akikuna nazi, nami nikamweleza yaliyotokea. Hakunilaumu. Aliendelea kukuna mpaka kifuu kikaisha, akasema, "Mwanangu, umewaonyesha nanga kabla hawajaona chombo. Kesho maji yanakupwa asubuhi. Wapeleke pwani kwa mafundi, wakapashike pale chombo kinapotengenezwa, halafu huko kwingine mtakwenda wenyewe bila kuburutana." Akaniambia pia niliache daftari nyumbani, nami nikaliacha.

Siku ya pili tuliondoka saa moja na nusu. Bahari ya Bagamoyo haina kina karibu na nchi kavu, na maji yakikupwa huondoka mbali sana, hivi kwamba mashua zilizokuwa zikielea usiku hubaki zimelala ubavu juu ya mchanga, nawe unaweza kuzizunguka kwa miguu na kuzigusa tumboni. Kitinda mimba aliuliza maji yamekwenda wapi, na kabla sijafungua mdomo kijana mmoja aliyekuwa akikunja nyavu alimjibu kwamba maji yamekupwa, na ndiyo maana mahali hapa huitwa pwani. Nimelitumia neno hilo maisha yangu yote bila kulitazama ndani: pwani ni pale panapopwa maji. Mwanangu mkubwa alinitazama kama mtu aliyeona mlango mahali alipodhani pana ukuta, na tangu dakika ile alianza kuwinda maneno.

Mbele kidogo tulimkuta fundi mzee akitengeneza mashua iliyoegemezwa kwenye magogo. Watoto walimwamkia, "Shikamoo babu," naye akawaitikia marahaba, kisha akaendelea na kazi yake kama vile tulikuwa tumekuwapo tangu alfajiri. Alikuwa akitia kalafati. Kwa wasioijua kazi hiyo, chombo cha mbao, hata kiwe kimejengwa kwa ustadi gani, huwa na nyufa nyembamba kati ya ubao na ubao, na nyufa hizo huzibwa kwa pamba iliyosokotwa na kulowekwa mafuta. Fundi alikuwa akiivuta pamba kwa vidole, akaisokota juu ya paja mpaka ikawa uzi mnene kama kidole cha mtoto, akaulaza juu ya ufa, kisha akaanza kuukandamiza kwa patasi butu huku akiigonga polepole kwa nyundo ya mbao. Mlio wa nyundo ulikuwa ukibadilika. Pamba ilipokuwa bado haijakaa, mlio ulikuwa mzito na wa chini, na ilipojaa ufa barabara, mlio ulipanda na kuwa mkavu. Alisema yeye husikiliza zaidi kuliko anavyotazama.

Mwanangu wa kati, yule wa vitu vilivyokufa, alisogea mpaka akawa karibu kumkanyaga mzee. Fundi alimpa nyundo. Alipiga mara ya kwanza kwa nguvu, patasi ikateleza, mzee akaushika mkono wake na kumfundisha kupiga kwa uzito wa nyundo badala ya nguvu za bega. Walikwenda hivyo urefu wa pima moja hivi, labda nusu saa nzima, na mimi ambaye jana yake nilikuwa nikihesabu dakika nilikaa juu ya gogo nikawaacha. Mtoto alipouliza ile harufu kali inatoka wapi, aliambiwa kwamba mafuta yale ni sifa. Akauliza sifa gani. Fundi akamweleza kwamba sifa ni mafuta yanayotokana na maini ya papa, na kwamba mabaharia wamekuwa wakiyapaka mbao za vyombo kwa muda mrefu kuliko mtu yeyote anavyoweza kukumbuka, ili maji ya chumvi yasizile.

Aliwaonyesha tezi, yaani sehemu ya nyuma ya chombo, na mkuku, ule ubao mrefu wa chini ambao ndio uti wa mgongo wa chombo, na mataruma yaliyopinda kama mbavu. Kifungua mimba alitaka kujua wanaikunjaje miti hiyo. Fundi alijibu kwamba hawaikunji. Huutafuta mti ambao Mungu ameshaupinda. Mtu huenda msituni akiwa na umbo la taruma kichwani, akatembea mpaka alikute limesimama katika tawi. Hakuwa na mchoro wowote wa mashua ile. Vipimo vyote vilikuwa katika jicho na katika mkono, kutoka kwa baba yake aliyemfundisha. Wanangu wanasoma katika shule ambamo kisichoandikwa daftarini huhesabiwa kuwa hakijulikani, na nilifurahi kwamba waliyasikia hayo kwa mtu mwenye tezo mkononi.

Kulikuwa na upepo tangu asubuhi, ukitupiga usoni kutoka upande wa kushoto tulipoikabili bahari. Fundi aliwauliza watoto wanaujua jina lake. Hawakulijua. "Huo ni kaskazi," alisema. "Ukifika Aprili utaondoka, itakuja kusi." Mwanangu mkubwa alinyamaza kidogo, halafu akasema taratibu, "Kaskazini. Kusini." Alikuwa ameyasoma maneno hayo tangu darasa la pili, ameyaandika kwenye ramani na kuwekewa alama za vema, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba ni majina ya pepo mbili za bahari. Kaskazi huvuma kati ya Desemba na Machi kutoka kaskazini mashariki, na ndio uliokuwa ukivileta vyombo kutoka Uarabuni, Ghuba ya Uajemi na Uhindi vikiwa na nguo, tende na vyombo vya udongo. Kusi ilipoanza, vyombo viligeuza tanga na kurudi na pembe za ndovu, boriti za mikoko na bidhaa nyingine za huku. Aliyechelewa kusi alilala pwani mpaka mwaka uliofuata, akaoa, akajenga, akajifunza lugha. Nilimwambia mwanangu kwamba katika lugha anayoiongea kule Dodoma, kilomita mamia kutoka hapa, upepo ule bado unavuma. Nadhani kwa umri wake alilielewa hilo kuliko nilivyotarajia.

Alasiri tulichukua bajaji mpaka Kaole, umbali wa kilomita 5 hivi kusini mwa mji. Pale pana magofu ya misikiti miwili, mmoja ukirudishwa nyuma mpaka karne ya 13, na makaburi 22 yaliyojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, mengine yakiwa na nguzo ndefu zilizosimama kichwani. Safari hii sikusoma chochote kwa sauti. Nilimwambia kila mtoto achague kitu kimoja tu anachotaka kukielewa kabla hatujaondoka, na vingine vyote tungeviacha.

Kitinda mimba alichagua matundu. Katika nguzo za makaburi kuna mashimo ya mviringo, mengine yakiwa na kina cha kiganja, naye alitaka kujua ni nani aliyeyatoboa. Mwongozaji alitupeleka katika makumbusho madogo ya hapo hapo, akamwonyesha vyombo vya udongo vya Kichina, vingine vyenye rangi ya kijani inayong'aa, akamweleza kwamba bakuli za namna ile zilikuwa zimepachikwa katika nguzo kama pambo la heshima kwa waliozikwa. Mtoto alirudi mbio kaburini, akaingiza kiganja katika tundu, akakizungusha taratibu kufuata ukingo. Bakuli imetoka China, imebadilishwa mikono bandari baada ya bandari, imefika Kaole kwa upepo ambao mchana ule ule ulikuwa ukimvuruga nywele, na kiganja chake kimekaa mahali ilipokuwa imekaa. Sikuwa na haja ya kuongeza neno, na ninashukuru kwamba sikuliongeza.

Wa kati alichagua swali ambalo mimi, mwenyeji, sikuwahi kuliuliza: "Bahari iko wapi?" Ukisimama kwenye magofu ya Kaole, mji ambao ulikuwa wa bandari, huyaoni maji. Mbele yako kuna mikoko. Mwongozaji alitutoa nje ya eneo la makaburi mpaka ukingoni mwa mikoko, akamwonyesha tope lililoshikwa na mizizi, akasema mchanga na tope vilijaa, mikoko ikasonga mbele, vyombo vikashindwa kuingia, na biashara ikahamia Bagamoyo. Mtoto akauliza kama Bagamoyo nayo itahamwa. Hapo ndipo mwaka 1891, uliokuwa tarakimu tupu jana yake, ulipopata mwili. Nilimkumbusha jinsi tulivyotembea asubuhi juu ya mchanga kuzifuata mashua. Meli kubwa za chuma hazikuweza kusogea katika maji mafupi kama yale, ikabidi ziweke nanga mbali na mizigo iletwe na mashua ndogo, wakati Dar es Salaam ilikuwa na mlango wa bahari wenye kina. Wajerumani walihamisha makao yao makuu kwa sababu hiyo ya maji. Watoto wa umri wa miaka 9 huielewa vizuri kabisa historia ikiwa wamelowa miguu katika sababu yake.

Siku ya tatu wao wenyewe waliomba turudi makumbusho ya misheni. Tulikaa saa moja tu, na karibu muda wote tulikuwa katika habari za misafara na utumwa, na huko ndiko mzazi anakotakiwa kuwa na moyo wa kweli. Siku ya kwanza nilikuwa nimewapitisha haraka mbele ya minyororo, nikijidai kwamba nawalinda. Safari hii wa kati alisimama pale, akatazama pingu, akapima kwa macho mkono wake mwenyewe. "Na watoto walifungwa?"

Nilichuchumaa tukawa macho kwa macho, nikamjibu kwamba ndiyo, watoto nao walitekwa na kuuzwa, na kwamba mapadre wa misheni hii waliwakomboa wengi wao kwa kuwanunua, wakawalea hapa na kuwajengea kijiji. Kifungua mimba akauliza waliowauza walikuwa nani. Ni rahisi sana kumjibu mtoto kwa kutaja watu wa mbali peke yao. Nilimwambia kwamba walikuwamo wafanyabiashara Waarabu, walikuwamo Waswahili wa pwani, walikuwamo watawala wa bara waliouza mateka wa vita, na walikuwamo Wazungu na Wahindi waliotajirika kwa mashamba, mikopo na pembe zilizotokana na biashara hiyo. Alinyamaza. Akauliza tena kama ukoo wetu ulikuwamo. Nilimwambia sijui, na kwamba wazee wetu hawakutuachia habari hiyo. Tulikaa kimya wote wanne kwenye benchi la nje, chini ya kivuli, kwa muda mrefu. Ninaamini kimya kile kilikuwa sehemu ya ziara na hakikustahili kujazwa.

Kuna jambo moja ambalo nisingependa watoto waondoke bila kulijua, kwa kuwa watu wengi hulichanganya. Maelfu ya watu waliofika Bagamoyo kwa miguu kutoka Ujiji na Tabora walikuwa wapagazi wa kulipwa, wengi wao Wanyamwezi, watu huru walioijua kazi yao na kujivunia. Mpagazi alibeba kama frasila 2, yaani zaidi ya kilo 30. Nilimwambia mkubwa afikirie ndoo ya maji ya lita 20 anayoibeba kutoka bombani nyumbani, aongeze nusu yake, kisha atembee nayo kwa miezi mitatu. Jina la mji lenyewe, bwaga moyo, husimuliwa kwa namna mbili: wengine husema ni la mpagazi aliyefika na kutua mzigo, moyo ukapumzika, wengine husema ni la mtumwa aliyeambiwa auache moyo wake hapa, kwa sababu mbele ni bahari. Niliwapa zote mbili. Mimi naegemea ile ya mpagazi, nikawaambia hivyo pia, lakini kifungua mimba alisema zote zinaweza kuwa kweli ikiwa waliotembea katika njia moja walikuwa watu wa aina mbili.

Kutoka hapo tulikwenda kwenye mnara wa kanisa la zamani, ambako mwili wa David Livingstone ulilazwa Februari 1874 kabla ya kuvushwa kwenda Zanzibar na kisha Uingereza. Siku ya kwanza nilikuwa nimewaeleza habari za Livingstone. Safari hii niliwaeleza habari za watumishi wake, Chuma na Susi na wenzao, ambao baada ya bwana yule kufa mwezi Mei 1873 katika nchi ambayo leo ni Zambia, waliukausha mwili wake na kuubeba kwa miezi 9 mpaka pwani hii, zaidi ya kilomita 1,500, ilhali hakuna aliyekuwa na uwezo wa kuwalazimisha. Moyo wake walikuwa wameuzika kule kule alikofia, chini ya mti. Kitinda mimba, aliyekuwa akisikiliza huku amenishika gauni, aliuliza, "Kwa hiyo yeye moyo wake aliubwaga kule?"

Kwa mzazi anayetaka kufanya safari kama hii, ningemwomba aanze kwa kuuliza wenyeji ratiba ya maji, kwa sababu bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa na kupwa kuliko kawaida, ndiyo inayoufunua ufuko vizuri na vyombo vikafikika. Aende mapema, abebe maji ya kunywa na kofia, na ndani ya makumbusho asizidishe saa moja kwa watoto wa shule ya msingi. Kiingilio cha raia ni nafuu, hivyo kurudi mara ya pili hakuumizi mfuko kama kunavyowaumiza watoto kuona kila kitu siku moja. Na akimkuta fundi kazini aombe ruhusa kwanza, amsalimie, asimpige picha kama sanamu. Kama fundi amempa mtoto nusu saa ya kazi yake, kumwachia kitu cha chai ni adabu tu.

Tulirudi Dodoma kabla ya shule kufunguliwa. Mwanangu wa kati alikuwa amepewa na babu kipande cha pamba iliyosokotwa, bado ina harufu ya sifa, nami nimemruhusu akiweke katika kabati la nguo ingawa mashati yote sasa yananuka papa. Mwezi Februari shangazi alipiga simu kutujulisha kwamba ile mashua imeshushwa majini na imeshakwenda Zanzibar na kurudi. Niliweka simu kwenye spika ili wote wasikie. Mtoto aliiparamia meza, akauliza kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika, "Bibi, ule upande wa kushoto karibu na tezi, unavuja?"

Shangazi alisema hajauliza. Kesho maji yakikupwa angekwenda kumuuliza fundi.